Wifi Minza, Vile Vichupa Nilivijaza Mimi

Basi wifi, pale nesi aliponikatisha nilikuwa nimefika kwenye bati za Mbuke. Sijui kama ulisikia vizuri, maana ulikuwa na ule mpira puani na macho umeyafumba, lakini ulicheka kidogo, mimi niliona. Nilikuwa nakwambia Mbuke jirani yetu alimficha mume wake habari ya kununua bati mpaka zikafika na toroli kutoka Bariadi mjini, mwanaume kakaa mlangoni anauliza hizi za nani, na Mbuke anamjibu, "Za kwako, inuka ukapokee." Sasa mwisho wake hukuupata. Mwisho wake ni kwamba wameezeka, mvua ya kwanza ikaja, ndani hawasikiani hata kidogo kwa kelele za bati, mume kahamia nyumba ya nyasi ya jikoni kwa kuku. Anasema huko ndiko anapata usingizi. Sapiwi nzima, kijiji chote, tulicheka mpaka mbavu zikatuuma.

Nesi akaniambia, "Mama, mgonjwa apumzike, nenda nje." Nikasema sawa, kesho nitamalizia. Kesho yake nikakuta kitanda kimetandikwa.

Basi ndiyo namalizia. Naandika kwenye daftari la Holo, binti yangu, kaniambia nisiguse kurasa za hesabu. Unajua mwandiko wangu, niliishia darasa la nne, mistari inapanda kama ng'ombe anapanda kichuguu. Utavumilia. Wewe ulikuwa unanivumilia.

Habari za huku ni hivi. Kaka yako Masanja yupo, mgongo bado unamsumbua, na bado anasema haumsumbui. Mayu, mama yako, amekonda. Anakula, simnyimi, lakini chakula sijui kinakwenda wapi. Asubuhi anatoka anakaa upande ule wa uzio wa minyaa ulikokuwa unaonekana ukija, anachagua mchele ambao tayari ni safi. Pamba msimu huu wanunuzi walikuja wengi kama nzi, kila mmoja na mzani wake na kofia yake, maana ni soko huria, siku hizi mtu akiamka tu anaweza kununua pamba. Na mashine za kukamua mafuta ya mbegu ya pamba zimekuwa tatu. Ulipokuwa unakuja likizo ilikuwa moja, ile ya njia panda. Sasa ni tatu, na mafuta yake meusi kama supu ya maharage, na watu tunanunua kwa sababu yapo karibu.

Hapo kwenye mafuta ndipo ninapotaka kufika wifi. Nazunguka tu. Nimeanza na bati za Mbuke ili nisifike.

Unakumbuka ulipokuja likizo ile ya kwanza nikakuuliza huko Dar unasomea nini, ukaniambia biokemia, nikasema hiyo inatibika? Ukakaa chini kwa kicheko. Halafu ukanieleza vizuri, wewe hukuwahi kunieleza kitu kama mtu mjinga. Ukasema, "Wifi, ndani ya mwili kuna jiko. Sisi tunachungulia nani anapika, nani anakoroga na nani ameunguza." Nikasema kumbe ni umbea wa ndani ya mwili! Ukasema ndiyo, hasa, na utakwenda kumwambia mwalimu wako, yule mama mrefu uliyekuwa unamwita Daktari. Na kweli ukaenda ukamwambia. Ulirudi ukasema amecheka mpaka kavua miwani.

Kuanzia siku ile nikawa nakijua kile chuo chenu kama mtaa wangu. Nilikuwa nakwambia nipeleke mlango kwa mlango. Mlango wa kwanza watu wa malaria, wanatafuta kwa nini kidudu siku hizi kinaimeza klorokwini na hakifi. Mlango wa pili watu wa muhogo, wanapima ile sumu ya muhogo mchungu, waone ukilowekwa siku ngapi inatoka. Wa tatu ule wa mizizi, wanaletewa magamba ya miti na waganga, wanasaga, wanachemsha, wanatafuta ndani yake ni kitu gani hasa kinachotibu, na humo ndimo alimo yule kaka mwenye suruali ya mitumba iliyombana anayegombana na kila mtu kuhusu friji. Nilimpenda yule bila kumwona. Halafu mlango wa damu. Ulisema wanachukua tone la damu wanaliweka kwenye kitu kama uji ulioganda, wanapitisha umeme, damu inatembea, ya mtu mwenye afya inakimbia na ya mwenye siko seli inachelewa nyuma.

Nikakuuliza kwa nini wewe hukuingia mlango huo, wakati siko seli ni yako tangu utoto. Tangu ukiwa mdogo Mayu anakukanda miguu kwa maji moto ukilia mifupa. Ukasema, "Wifi, yule ninalala naye. Na kazini tena nimkute?"

Ukachagua mafuta. Ukasema mbegu ya pamba ina sumu yake ndani, jina lake gosipoli, Mungu kaiweka ili wadudu wasile mbegu. Ukikamua mafuta bila kuyasafisha vizuri inabaki humo. Ng'ombe anaweza kuvumilia, kuku hawezi, na wanaume, ukaniambia kwa sauti ndogo, inaweza kuwapunguzia mbegu zao za uzazi. Ukasema nisimwambie mtu mpaka mpime. Wifi, nisamehe, nilimwambia Mbuke tu. Kufika Jumapili wanaume wa Sapiwi wote wanataka mlenda usiotiwa mafuta.

Ulitaka kujua sisi huku tunakula kiasi gani cha ile sumu. Si mafuta ya mashineni, mwenye mashine atakuonyesha yale mazuri tu. Ulitaka kutoka ndani ya nyumba, jikoni kwa mtu. Na nani anaingia jikoni kwa watu wote bila kugonga? Ukasema, "Ni wewe wifi, chuo kizima hakina mtu kama wewe." Nilivimba kichwa, nikawa natembea kama diwani.

Vichupa vilikuwa thelathini, vya kioo, vya ukubwa wa dawa ya kikohozi, kila kimoja na namba yake. Ukaniambia, "Wakupe walichonacho, hata kijiko kimoja kinanitosha." Nilikusikia. Siwezi kukudanganya kwamba sikusikia.

Nikazunguka siku mbili. Kila mlango naamkiwa mwangaluka, karibu, kaa, tafuna viazi vya michembe hivi. Watu walifurahi sana kwamba mtoto wa Sapiwi amekumbuka jikoni kwao. Lakini wifi, ilikuwa miezi ile ya njaa kabla ya mavuno. Mtu anainamisha dumu, anasubiri, linatoa uzi mwembamba, kisha matone. Nusu chupa. Robo chupa. Mama Limi, yule mjane anayekaa karibu na bwawa, alitoa kiasi cha kufunika tako la kichupa tu, akakifunika na khanga kabla hajanipa, akaniambia, "Nkwimba, mwambie Minza nilikuwa sijajiandaa." Hakuweza kuniangalia.

Nilirudi nyumbani nikavipanga vile vichupa kwenye meza. Vinne tu ndivyo vilivyojaa. Vingine wifi vilitia huruma. Na mimi mwaka nilioolewa hapa, Mayu alinituma kumpa mgeni maziwa kwenye kibuyu chake, nikatia nusu kwa sababu ndiyo yaliyokuwepo. Alininyang'anya mbele ya mgeni, akaenda kukamua ng'ombe wa jirani akakijaza mpaka shingoni. Jioni akaniita akanieleza taratibu kwamba hapa kwetu chombo cha mgeni kikiondoka nusu, huko kinakokwenda kinatutukana. Tangu siku hiyo sijawahi kumpa mtu chombo nusu. Hata chumvi.

Nikaviangalia vile vichupa nikawaza vinakwenda Dar. Vinakwenda kwa yule Daktari. Watavipanga kwenye meza yao, watasema kwao Minza watu ni wachoyo, au watu ni maskini hivyo. Nikaona aibu kwa niaba yako. Nikachukua mafuta yale meupe ya dukani, ya Mwanza, ambayo Masanja alinunua kwa sababu wewe mgeni ulikuwa unakuja na hatukutaka ule yale meusi, nikajaza. Vyote ishirini na sita. Kwa uangalifu, na faneli ya karatasi, sikumwaga hata tone. Nikavifuta. Vilipendeza wifi. Kwa akili yangu mafuta ni mafuta.

Ukavibeba Dar ndani ya boksi na pumba za mpunga ili visivunjike. Ukanikumbatia. Ukanishukuru, "Wabeja wifi, wabeja sana."

Ulirudi wakati wa kuvuna pamba. Ulikuwa umekonda na macho yameingia njano, lakini furaha ilikuwepo. Tukakaa kwenye mkeka, mimi nachambua pamba, Mayu yupo pembeni, na wewe una lile daftari lako jeusi. Ukaniambia ukitia dawa kwenye mafuta rangi inageuka nyekundu, nyekundu ikizidi na sumu imezidi, halafu kuna mashine inapitisha mwanga inasoma namba. Ukasema karibu vichupa vyote vilitoa wekundu kidogo tu, vimefanana kama mapacha. Na vinne vikatoa wekundu wa kutisha. "Wifi, nimerudia mara tatu. Vile vinne nafikiri nimeviharibu mimi mwenyewe. Mikono yangu siku ile ilikuwa inatetemeka." Ulisema hivyo. Mikono yangu.

Halafu ukaniuliza. Ulininyooshea kalamu, ukasema, "Kuna mtu yeyote aliongeza kitu?"

Nikajibu, "Nani aongeze? Si wote tunanunua mashine moja, lazima yafanane."

Ukaandika. Nilikuona unaandika maneno yangu.

Nimejiuliza sana kwa nini nilisema vile. Mdomo wangu wewe unaujua, haujawahi kuwa na mlango. Lakini ningesema nimeongeza, ungeuliza kwa nani, ningetakiwa kusema kwa Mama Limi, kwa fulani, kwa fulani, na kila mmoja alikuwa na kiasi gani ndani. Mimi nasema bati za Mbuke, nasema mume wa Mbuke, nasema mchungaji anavyokoroma. Kwamba mtu hana kitu jikoni, hilo huwa silisemi. Na Mayu alikuwa amekaa pale pale. Na niliogopa uso wako. Yote hayo.

Halafu usiku na mchana nikawa naisikia ile mikono yangu, mikono yangu. Wewe unajilaumu mikono, na mikono iliyoharibu ni hii.

Ulipolazwa nilisema basi, nakwenda namwambia. Nilipanda lori la pamba mpaka Bariadi, njiani nikawa naipanga kichwani. Nikaingia wodini, nikakuona ulivyo mdogo kwenye kile kitanda, unashika chuma kwa maumivu. Ukaniambia, "Nichekeshe wifi." Nikaanza bati za Mbuke. Nilikuwa nasema nikimaliza bati nitasema vichupa. Nesi akaja.

Ndiyo hivyo. Sasa unajua.

Ingeishia hapo ningelia peke yangu na Mungu wangu. Lakini barua imekuja kutoka chuoni. Holo alitusomea mara mbili. Daktari anasema wenzako wa mlango wenu wamekaa, wameona kazi yako ilikuwa imebaki kidogo, wataimalizia wao, na chuo kitakupa digrii yako hiyo ya pili hata kama haupo. Karatasi yenye jina lako italetwa kwa Mayu. Na majibu yako watayapeleka ofisi ya wilaya, watu waelezwe kuhusu mafuta. Maana kwenye daftari lako inasomeka mafuta ya Sapiwi hayana neno. Daktari anakuja mwenyewe na mtu mwingine, Alhamisi, kuchukua daftari na kuzungumza na yule aliyekusanya. Aliyekusanya ni mimi.

Alhamisi ni leo wifi.

Mayu siku ile ile ya barua alimwambia Masanja apigilie msumari ukutani, pale juu ya picha yako. Amepima mwenyewe na kiganja nafasi ya hiyo karatasi. Kila anayekuja anaonyeshwa msumari. "Hapa," anasema, "atakaa Minza." Mwanamke huyu hajui kusoma hata jina lake, na sijamwona akicheka tangu tulipokuzika isipokuwa mbele ya ule msumari.

Nikamwambia Masanja. Jana wakati anafunga ndama. Nilimwambia yote kama nilivyokwambia wewe. Akakaza fundo la kamba ya ndama. Akasema, "Nkwimba, kwa mara moja katika maisha yako, nyamaza. Mtoto amekufa. Utamwua tena na jina lake? Na mama je?" Hana makosa. Anampenda mama yake, alikupenda wewe, na mimi nikisema pengine ile karatasi isije. Pengine watasema kazi nzima ni bure, takataka, imekusanywa na mwanamke wa kijijini anayejaza vichupa kama vibuyu. Na Mayu atanitazama. Naishi naye jiko moja, wifi, miaka kumi na tisa.

Lakini nimekaa nimefikiri, mimi ambaye watu wanasema sifikiri. Wakiniacha ninyamaze, ofisi ya wilaya itasema kuleni tu. Wenye mashine watatu wataandika kwa rangi ukutani kwamba chuo kikuu kimesema. Na Mama Limi atayamwaga kwenye mboga za wajukuu wake. Na itakuwa imeandikwa na nani? Na wewe. Minza. Wewe ambaye ulikuwa unaumwa mifupa na bado unarudia mara tatu. Watu wakija kujua baadaye watasema binti yule alikosea. Sitaki useme hukukosea halafu hakuna mtu wa kukusikia.

Na kuna kitu kingine kimenijia leo asubuhi nikichochea moto, nikainuka nikaacha uji. Vile vinne wifi! Vile vyekundu ulivyosema umeviharibu. Hukuharibu. Vile ndivyo havikuguswa. Humo ndimo yalimo mafuta yetu ya kweli. Ulipima sawasawa tangu mwanzo, mara zote tatu, mikono yako ilikuwa sawa kabisa. Na mimi nawakumbuka wote thelathini. Nani alitoa nusu, nani robo, nani aliniambia subiri akaenda kuazima, nani alijaza. Namba sizijui lakini nyumba nazijua, na dumu la kila mtu lilikuwa wapi. Daktari akitaka nitamwambia nyumba kwa nyumba ndani ya saa moja, na kama hawaamini, wanipe vichupa vingine nianze upya leo leo.

Nitakwenda kwanza kwa Mama Limi. Nitamwomba ruhusa kabla sijataja jina lake kwa wageni. Akikataa nitasema tu nyumba moja karibu na bwawa. Na safari hii anayetoa tone nitabeba tone. Kichupa kitakwenda Dar na robo yake, wakitaka kucheka wacheke, nitakuwa nimesimama pale pale nao.

Mayu nitamwambia mbele yao, sio pembeni. Sijui nitaanzaje. Nafikiri nitapiga magoti nimshike miguu, nimwambie Mayu, mtoto wako alikuwa sahihi, aliyekosea ni mkwe wako. Kama atanipiga anipige. Kama hatasema kitu, hapo ndipo ninapoogopa.

Natamani ungekuwepo unicheke. Nyumba imekuwa na nafasi kubwa sana wifi. Nikipata habari nzuri ya mtu bado nageuka kuangalia uko wapi. Juzi mchungaji kaanguka kwenye josho la ng'ombe na suti yake, mzima mzima, nikakimbia mpaka mlangoni kwako nikashika kitasa ndipo nikakumbuka. Nikakaa pale chini. Sikuweza hata kumwambia mtu mwingine, habari nzuri vile ikaniozea mdomoni.

Mlango wako wa chuo wataufunga au watampa mtu mwingine? Nitamwuliza Daktari. Nitamwambia wampe mtu wa kurudia mara tatu. Na yule kaka wa friji nitamwuliza

Kuna mlio wa gari. Mbwa wanabweka.

Mayu anaita, "Nkwimba! We Nkwimba! Watu wa Minza wamefika, njoo uwapokee!" Anafunga kilemba vizuri, namwona kutoka hapa, anatembea haraka kama msichana. Mungu wangu. Daktari kweli ni mrefu, ameinama kupita kwenye uzio.

Lala wifi yangu, lala Minza. Nakuahidi nitasema yote, mikono yako nitaisafisha leo mbele ya watu, hata sauti ikikata nitasema kwa

Naja, Mayu! Naja!